Sumu ya Nyoka na Mafigo: Hatari Inayofuata Baada ya Uvimbe

Njia ya kale ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, ilikuwa njia ya miguu. Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857, walifika Kaze, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua pembe za ndovu, shanga na vitambaa, kila mmoja akiwa na mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo begani hawezi kuinama kuchungua kila jani lililo mbele ya mguu wake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya wapagazi ikakoma. Hata hivyo, kazi zinazomtembeza mtu porini hazikukoma. Mrina asali wa Sikonge, mkulima wa tumbaku wa Urambo, mchungaji wa Igunga na mwanafunzi anayekwenda shule alfajiri wangali wanapita katika nchi ile ile ya miombo, na nyoka wa nchi hiyo ni wale wale.

Mtu akiumwa na nyoka, macho ya watu wote huelekea mahali palipoumwa. Mguu huvimba, ngozi hubadilika rangi, malengelenge hutokea, na uchungu huwa mkali. Siku ya tatu uvimbe ukianza kupungua, jamaa hushukuru na kusema kwamba mgonjwa amepona. Lakini yako madhara mengine ambayo hayaonekani mguuni. Mafigo yanaweza kuwa yameumia tangu siku ya kwanza bila kutoa kelele yoyote, na matokeo yake yakadhihirika siku kadhaa baadaye. Mgonjwa aliyeokoka sumu hufa kwa sababu damu yake imejaa taka ambazo mafigo hayawezi tena kuzitoa. Kifo hiki cha pili mara nyingi huweza kuzuilika, kwa sharti kwamba hatari hiyo ijulikane mapema. Dalili yake ya kwanza ni ya kawaida mno hata hudharauliwa: ni mkojo.

KAZI YA MAFIGO

Binadamu ana mafigo mawili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu za mwisho. Kila moja lina uzito wa kadiri ya gramu 150. Ijapokuwa ni madogo, mafigo hupokea karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo kila dakika. Hakuna kiungo kingine chenye uzito kama huo kinachopata damu nyingi hivyo bila kukoma usiku na mchana.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kila nefroni ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kifundo cha mishipa myembamba ya damu, ambacho wanasayansi hukiita glomerula. Humo maji ya damu, pamoja na chumvi, sukari na taka, husukumwa kupita kwenye kuta za mishipa kwa nguvu ya shinikizo la damu. Chembe za damu na protini kubwa hubaki nyuma. Sehemu ya pili ni mrija mrefu uliojipindapinda. Seli za mrija huo huyarudisha mwilini maji mengi, sukari yote na sehemu kubwa ya chumvi, na kuziacha taka ziende zake.

Hesabu ya kazi hiyo ni ya kustaajabisha. Kwa mtu mzima mwenye afya, glomerula zote pamoja huchuja kadiri ya mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku. Mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu tu. Maana yake ni kwamba mirija huzirudisha mwilini zaidi ya asilimia 99 za maji yaliyochujwa. Kazi ya kurudisha chumvi hutumia nishati nyingi, na nishati huhitaji oksijeni. Kwa hiyo seli za mirija ni miongoni mwa seli za mwili zinazodhurika upesi oksijeni inapopungua. Msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata.

NYOKA WANAOHUSIKA

Nyoka wengi wa Tabora hawana sumu ya kumdhuru mtu, na wenye sumu hawafanani katika madhara yao.

Koboko, ambaye kwa lugha ya sayansi huitwa Dendroaspis polylepis, ana sumu inayoshambulia mawasiliano baina ya neva na misuli. Hatari yake kubwa ni kwamba misuli ya kupumulia hulegea, na mgonjwa akaweza kufa katika muda wa saa chache. Swila mwenye shingo nyeusi, Naja nigricollis, hutema sumu machoni, naye akiuma huozesha nyama na ngozi. Katika nyoka hawa wawili mafigo si shabaha ya kwanza ya sumu.

Nyoka wa kuangaliwa zaidi katika somo hili ni kifutu, ambaye pia huitwa bafe au moma, na kwa lugha ya sayansi Bitis arietans. Ni mnene, mfupi, mwenye alama za rangi zinazofanana na majani makavu. Tabia yake ndiyo inayomfanya awe wa hatari: hakimbii asikiapo vishindo, bali hutulia pale pale alipo, akitegemea rangi yake kumficha. Jioni hupenda kulala njiani. Mtu humkanyaga kabla hajamwona. Sumu yake huharibu kuta za mishipa midogo ya damu, na mguu huvimba upesi.

Wa pili ni nyoka wa mitini, Dispholidus typus, ambaye Makaburu wa Afrika Kusini walimpa jina la boomslang, yaani nyoka wa mti. Ana macho makubwa, na dume aghalabu huwa kijani. Meno yake ya sumu yako nyuma kinywani, naye ni mwoga. Mara nyingi huwauma wale wanaojaribu kumshika. Sumu yake huvuruga kuganda kwa damu. Nyoka mwembamba wa jamii ya Thelotornis, anayefanana na kijiti kikavu, ana sumu yenye matokeo kama hayo.

Nje ya Afrika, nyoka ajulikanaye kuliko wote kwa kuharibu mafigo ni Daboia wa Asia, anayewauma wakulima wa mpunga katika nchi kama Myanmar, India na Sri Lanka. Mengi ambayo madaktari wanayafahamu leo kuhusu sumu na mafigo yalijulikana kutokana na wagonjwa wa huko.

NJIA NNE ZA KUUMIZWA KWA FIGO

Njia ya kwanza ni kushuka kwa shinikizo la damu. Sumu ya kifutu inapotoboa mishipa midogo, maji ya damu na hata damu yenyewe huvuja na kuingia katika nyama za mguu. Mguu uliovimba hadi nyonga unaweza kuwa umemeza lita kadhaa. Maji hayo hayakutoka nje ya mwili, lakini kwa moyo yamepotea. Damu inayozunguka hupungua, shinikizo hushuka, na mwili huibania damu ya mafigo ili kuuokoa ubongo na moyo. Glomerula hukosa nguvu ya kuchuja, na seli za mirija hukosa oksijeni. Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi, kwani sumu ni ile ile ilhali damu yake ni kidogo.

Njia ya pili ni kuganda kwa damu mahali pasipostahili. Katika hali ya kawaida damu huganda mtu anapojikata. Protini iitwayo prothrombini hugeuzwa kuwa thrombini, nayo thrombini huigeuza faibrinojeni kuwa nyuzi nyuzi zinazoziba jeraha. Sumu ya nyoka wa mitini huiamsha prothrombini bila jeraha kuwapo, ndani ya mishipa ya mwili mzima. Hapo hutokea mambo mawili yanayoonekana kama yanapingana. Kwanza, vipande vidogo vya damu iliyoganda hunasa katika mishipa myembamba, na glomerula ni baadhi ya mishipa hiyo. Pili, faibrinojeni hutumika yote ikaisha, na damu iliyobaki haiwezi tena kuganda. Mgonjwa hutokwa na damu kwenye ufizi, puani na katika mkojo, hali mafigo yake yamezibwa na damu iliyoganda.

Njia ya tatu ni ya rangi nyekundu. Chembe nyekundu za damu zinaporaruliwa zikipita katika nyuzi zile, humwaga himoglobini. Misuli inapokufa, humwaga protini nyingine nyekundu iitwayo mayoglobini. Protini hizi mbili zina madini ya chuma. Zikiwa nyingi hupita kwenye kichujio, zikashikana na kuziba mirija, na chuma chake huziunguza seli za mirija kikemia. Mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi au ya maji ya ukwaju.

Njia ya nne ni sumu yenyewe. Sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa protini nyingi, na kadhaa kati yake ni vimeng'enya. Baadhi huyeyusha kuta za mishipa, na nyingine hupasua ngozi nyembamba ya seli. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba baadhi ya sumu huweza kuzidhuru seli za figo moja kwa moja.

Aghalabu njia hizi hazitembei peke yake. Mgonjwa mmoja huweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja, na kila moja huizidishia nyenzake nguvu.

KAMBA INAYOUMIZA FIGO

Vijijini, tendo la kwanza la watu wengi ni kuufunga mguu kwa kamba au kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kusudi ni jema: kuizuia sumu isipande kwenye moyo. Lakini tuone mwili unavyotendewa. Kamba iliyokazwa sana huzuia damu kuingia mguuni. Misuli iliyo chini ya kamba hukosa oksijeni na huanza kufa. Mayoglobini hukusanyika humo. Siku kamba inapofunguliwa, labda baada ya safari ya saa sita juu ya baiskeli, damu hurudi kwa ghafla, na mayoglobini pamoja na potasiamu huchukuliwa kwa wingi hadi kwenye moyo na mafigo.

Jambo hili halikugunduliwa kwa wagonjwa wa nyoka. Mwaka 1941, wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall walieleza habari za watu waliofukuliwa chini ya nyumba zilizobomoka, miguu yao ikiwa imebanwa na vifusi kwa saa nyingi. Walipotolewa walionekana wazima. Baadaye mguu ulivimba, mkojo ukapungua na kuwa wa rangi ya kahawia, na baada ya siku kadhaa wakafa kwa kushindwa kwa mafigo. Kifusi cha London na kamba ya kijijini hufanya kazi moja: huua misuli, na misuli iliyokufa huyadhuru mafigo. Kwa kifutu kamba ni mbaya zaidi, kwani sumu yake huharibu nyama, nayo kamba huifungia mahali pamoja.

MFANO WA MTU ALIYEDHANI AMEPONA

Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka, Karl Patterson Schmidt, wa jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani, aliletewa nyoka mchanga ili amtambue. Alikuwa nyoka wa mitini kutoka Afrika. Tarehe 25 Septemba nyoka huyo alimwuma kidole gumba cha mkono wa kushoto, jino moja tu likiingia sawasawa. Schmidt hakuiona hatari kuwa kubwa, akaenda nyumbani, akawa akiandika hali yake saa kwa saa. Aliandika habari za kichefuchefu, homa na damu kwenye ufizi. Usiku wa manane alipata mkojo kidogo, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa damu. Asubuhi alijisikia nafuu, akala kifungua kinywa. Mchana wa siku ile akafa, na uchunguzi wa maiti ulionyesha damu imevuja katika viungo vingi, yakiwamo mafigo.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, nafuu ya asubuhi si uthibitisho wa kupona. La pili, ule mkojo wa usiku ulikwisha kutoa habari kamili kabla mgonjwa mwenyewe hajaamini.

DALILI NA VIPIMO

Mafigo yanapoanza kushindwa, mgonjwa hasikii maumivu maalumu. Kwa hiyo mambo matatu yapasa kuangaliwa tangu saa ya kwanza: wingi wa mkojo, rangi yake, na wakati ulipotoka.

Kwa mtu mzima, madaktari hutazamia mkojo usiopungua nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila saa. Mtu wa kilo 60 basi atoe mililita 30 kwa saa, yaani 720 kwa siku. Akitoa chini ya 400 kwa siku, mafigo yamo hatarini. Chombo cha kupimia si cha kutafutwa mbali; chupa safi yenye alama za mililita yatosha.

Hospitalini hupimwa urea na kreatinini, ambazo ni taka zinazopanda katika damu mafigo yanaposhindwa. Hupimwa pia potasiamu. Madini haya yakizidi huvuruga mapigo ya moyo, na huweza kuusimamisha bila onyo. Ndiyo sababu mgonjwa wa mafigo anaweza kuzungumza saa hii na kufa saa ijayo.

Kipimo cha kuganda kwa damu hakihitaji mashine. Mhudumu hutia mililita 2 za damu ya mgonjwa, iliyotolewa wakati ule ule, katika mrija wa kioo ulio safi na mkavu, na kuuacha umetulia kwa dakika 20. Kisha huuinamisha mara moja. Damu ikiwa bado ni majimaji, uwezo wa kuganda umeharibika. Mrija hauna budi kuwa wa kioo, kwa sababu uso wa kioo ndio unaoichochea damu kuganda; wa plastiki, au uliooshwa kwa sabuni, utatoa jibu la uongo. Kipimo hiki ni cha wahudumu wa afya. Kisifanywe darasani hata kidogo, kwa maana damu hueneza magonjwa.

TIBA

Dawa pekee inayoipinga sumu yenyewe ni kingasumu. Ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1890, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Albert Calmette wa Ufaransa. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, kisha kinga hiyo husafishwa na kupewa mgonjwa kwa njia ya mshipa. Kinga hunasa sumu iliyo katika mzunguko wa damu. Haiwezi kufufua seli iliyokwisha kufa. Kwa hiyo kingasumu inayotolewa mapema huyalinda mafigo, na inayotolewa siku ya tatu huyakuta yamekwisha kuumia.

Kingasumu ni lazima ilingane na nyoka. Ile ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini hutibu kifutu, koboko na nyoka wengine kadhaa, lakini haimtibu aliyeumwa na nyoka wa mitini, ambaye ana kingasumu yake peke yake. Tatizo lingine ni upungufu. Kingasumu iliyojulikana kwa jina la Fav-Afrique iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na akiba yake ya mwisho ilipitwa na muda mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Shirika hilo hukadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuumwa na nyoka.

Pamoja na kingasumu, mgonjwa hupewa maji ya mshipa ili shinikizo la damu lirudi na mirija ya figo isafishwe kabla haijaziba. Lakini maji nayo yana kipimo. Mgonjwa ambaye mafigo yake yamekwisha kufunga akijazwa maji kupita kiasi, maji hayo huingia mapafuni.

Mafigo yakishindwa, damu husafishwa kwa mashine. Mashine ya kwanza iliyofaa kwa binadamu ilitengenezwa na Willem Kolff katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati wa vita, kwa kutumia utando wa selofeni wa kufungia soseji. Mashine haiponyi figo. Hufanya kazi kwa niaba yake. Habari njema ni kwamba seli za mirija zina uwezo wa kuzaliwa upya. Figo lililokosa damu kwa muda mara nyingi hurudia kazi yake baada ya wiki chache, mradi mgonjwa awe hai hadi siku hiyo. Ila tabaka zima la nje la figo likifa, halirudi. Mgonjwa huyo atahitaji mashine maisha yake yote au kupandikizwa figo, kazi iliyoanza kufanywa nchini mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Si kila hospitali ina mashine hizo, na kwa mgonjwa aliye kijijini safari yaweza kuwa ya mamia ya kilomita. Ni vyepesi zaidi kuyalinda mafigo siku ya kwanza kuliko kuyatafutia mashine siku ya saba.

ELIMU YA WAZEE NA YA HOSPITALI

Nchi ya Unyamwezi na Usukuma ina mapokeo marefu kuhusu nyoka. Mwaka 1946 Hans Cory alichapisha uchunguzi wake juu ya Buyeye, chama cha wachezaji nyoka wa Usukuma, ambao walijifunza kuwashika nyoka na kuwatibu walioumwa. Mtu anayejua tofauti ya kifutu na chatu, na anayejua kila mmoja hulala wapi, ana elimu yenye thamani kwa hospitali, maana kumtambua nyoka humsaidia mganga kuchagua tiba.

Kuhusu dawa za kunywa, uangalifu wahitajika. Mitishamba hutolewa mwilini kwa njia ya mafigo, na baadhi yake huyadhuru. Figo lililopigwa na sumu halifai kuongezewa mzigo wa pili. Kuchanja kwa wembe humzidishia kutokwa damu mtu ambaye damu yake haigandi. Jiwe jeusi la kubandika halivuti sumu iliyokwisha kuingia ndani ya nyama. Wala dawa za dukani si salama zote: aspirini na diklofenaki huzidisha kutoka damu na hupunguza damu iendayo mafigoni.

Lipasalo kufanywa ni hili. Mgonjwa atulizwe na alazwe. Pete, bangili na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Mguu ufungwe kwenye ubao kama uliovunjika, bila kukaza, ili usitikisike. Saa ya kuumwa iandikwe. Apelekwe kituo cha afya upesi, akichukuliwa wala asitembezwe. Nyoka asifuatwe, kwa kuwa anayemfuata huweza kuwa mgonjwa wa pili. Na kila mkojo utokao, uangaliwe na kuandikwa.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha kushindwa kwa figo kwa kopo la bati lililotobolewa tundu dogo ubavuni, karibu na kitako chake.

Kwanza, kopo lijazwe maji. Maji yatoke kwa nguvu, na wanafunzi wapime umbali yanaporukia. Pili, kiasi cha maji kipunguzwe hadi karibu na tundu. Mruko utafifia, ingawa tundu halikuzibwa. Huu ni mfano wa shinikizo la damu lililoshuka. Tatu, kopo lijazwe tena, na maji yatiwe unga kidogo na nyuzi za pamba. Baada ya muda tundu litaziba, ingawa shinikizo lipo. Huu ni mfano wa mirija iliyozibwa. Wanafunzi wajadili ni hali ipi kati ya hizo mbili inayoweza kurekebishwa kwa kuongeza maji, na ni ipi ambayo kuongeza maji kutalijaza kopo hadi limwagike.

MASWALI

1. Mtu ana lita 3 za maji ya damu, na mafigo yake huchuja lita 180 kwa siku. Maji hayo yote huchujwa mara ngapi kwa siku?

2. Mwanafunzi wa kilo 48 aliyeumwa na kifutu ametoa mililita 90 za mkojo katika saa 6. Je, kiasi hicho chatosha? Onyesha hesabu.

3. Eleza kwa nini mgonjwa aliyeumwa na nyoka wa mitini huweza kutokwa na damu hali mishipa ya mafigo yake imezibwa kwa damu iliyoganda.

4. Mzee wa kijiji asema, "Kamba iliniokoa." Mwandikie maelezo ya heshima, kwa Kiswahili chepesi, ukimfafanulia yanayotokea katika misuli iliyo chini ya kamba.

5. Chora ramani ya njia kutoka nyumbani kwenu hadi kituo cha afya kilicho karibu. Kadiria saa za safari wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kisha ueleze saa hizo zina maana gani kwa mafigo ya mtu aliyeumwa.

Swali la mwisho ndilo zito kupita yote. Msafara wa 1857 ulichukua zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kaze. Leo mgonjwa wa Tabora hahitaji miezi. Huhitaji saa chache, na mtu mmoja wa kumsindikiza atakayekumbuka kuulizia mkojo wakati wengine wote wanautazama mguu.